Njiwa wangu wamehamia kwa mzazi mwenzangu, nifanyeje?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, fundi wa kuchomelea hapa Dodoma mjini. Shida yangu inaanzia kwa njiwa lakini haiishii kwa njiwa. Nimeona bora nikuandikie wewe, maana nikimsimulia mtu wa kijiweni kesho yake nitakuta nimeshapewa jina.

Nafuga njiwa wa mashindano, wale wanaopelekwa mbali kwenye tenga, wanafunguliwa, wanarudi wenyewe nyumbani. Nilianza 2019 na jozi moja niliyouziwa na jamaa wa Morogoro. Wakati huo nilikuwa naishi Nkuhungu na mama wa mwanangu, kwenye nyumba tuliyoijenga wote. Banda nililichomelea mwenyewe juu ya stoo. Mwenzangu hakuwahi kuwapenda. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu habari ya New Kim, yule njiwa jike wa Ubelgiji aliyeuzwa Novemba 2020 kwa euro milioni 1.6. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza, "Na wa kwako ameshafika bei gani?"

Mwaka juzi tuliachana. Sitaeleza nani alikosa. Yeye alibaki na nyumba na mtoto, mimi nikapanga Nzuguni, upande wa stendi kuu ya mabasi. Nikahamisha njiwa wote 12, nikawafungia mwezi mzima ili wapazoee. Asubuhi niliyowafungulia walipanda juu, wakazunguka mara mbili, wakakata kuelekea Nkuhungu. Wote. Bado nimeshika mlango wa banda, simu ikaita: "Ndege wako wamerudi. Wanakunya juu ya tenki la maji. Njoo uwachukue."

Niliwafuata, wengi nikawauza. Nikabaki na jike mmoja hodari tunayemwita Bibi, na dume wake, nikawaweka ndani wawe wa kuzalisha tu. Mwaka huu nimepata makinda tisa, yametotolewa Februari na Machi hapa hapa Nzuguni. Hao nilijua ni wangu kabisa, hawana kwao kwingine.

Lakini Anti, hawaruki! Nikifungua wanatoka, wanapanda bati, wanakaa. Wanajipekua manyoya kama wako saluni. Mzee jirani yangu, ambaye naye anafuga, akaniambia, "Unawashibisha. Njiwa aliyeshiba haruki. Wanyime siku mbili uone." Nikawanyima siku moja, roho ikanisuta. Kesho yake wakakaa bati vilevile, na kipanga akaja akamnyakua mmoja nikiwa naangalia.

Hapo ndipo nikapata wazo la kumfungulia Bibi awafundishe. Nilijiambia amekaa Nzuguni muda mrefu na ana mayai ndani, hawezi kwenda kokote. Alipopanda, wanane wote wakapanda nyuma yake. Anti, ilikuwa mara ya kwanza kuwaona njiwa wangu wakiwa kundi moja hewani, wakigeuka pamoja na jua likiwapiga tumboni. Machozi yalinilenga. Halafu wakaondoka. Watano walirudi kabla sijaacha kuangalia juu. Watatu walikwenda na Bibi mpaka Nkuhungu.

Mwanangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Aliwapokea, akawaweka kwenye banda la zamani. Anawaita kwa kopo la maziwa lenye mtama, analitikisa mara tatu, anatulia, anatikisa mara mbili, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Sasa wanarushwa kila asubuhi kabla hajaenda shule. Alinitumia video: wale watatu wanazunguka mitaa ya Nkuhungu mpaka unachoka kuangalia. Wangu watano wamekaa kwenye bati kama kuku.

Nilimwambia awaweke kwenye boksi, nitamtuma bodaboda. Akanijibu, "Baba, si uje uwachukue mwenyewe." Niliona ananidharau. Nikamwambia ameniibia ndege zangu. Akasema, "Sijawaita mimi. Wamekuja na Bibi." Akakata simu. Hii ni wiki ya pili hapokei. Mama yake nikimpigia anasema hayo ni yetu, yeye hayumo.

Mwisho wa Agosti wafugaji sita tumepanga kushindanisha kutoka Manyoni. Kila mtu ametoa mchango na mimi nimeshatamba. Naomba unisaidie: nikachukue njiwa wangu kwa nguvu? Hao watano niwape njaa kweli mpaka waruke? Na huyu Bibi aliyenisaliti nimfanyeje?

Baba Njiwa, Nzuguni.

*

Marahaba, Baba Njiwa.

Uniwie radhi, pale kwenye tenki la maji nilicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu nikafika kwenye simu ya mwanao, kicheko kikakatika. Nikairudia barua yako kutoka mwanzo, polepole.

Njiwa mimi nawajua wa mchuzi. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimtafuta mzee mmoja wa Chang'ombe aliyefuga hawa wa mashindano tangu ujana wake, nikakaa naye kwenye benchi mbele ya banda lake mpaka giza likaingia. Sehemu ya njiwa kwenye jibu hili ni yake. Ile nyingine nibebeshe mimi.

Nikikusikia vizuri, una mambo matatu na umeyafunga kwenye furushi moja. Una makinda watano wasioruka. Una watatu wanaoruka vizuri ila wanatua pasipo pako. Na una mtoto aliyeacha kupokea simu yako. Umeyaandika kwa mpangilio huohuo, mtoto akiwa wa mwisho, na kwenye maswali yako ya mwisho hayumo kabisa. Uliniuliza juu ya watatu, watano na Bibi.

Tuanze na njaa, maana hao watano wako mikononi mwako leo.

Nilipomtajia mzee ushauri wa jirani yako hakusema ni uongo. Alisema jirani amesikia nusu. Kinda anayejifunza hufundishwa kwa hamu ya kula, na hamu na njaa si kitu kimoja. Njiwa mmoja anatosheka na kama gramu 30 za nafaka kwa siku: mtama, uwele, mahindi kidogo, na kunde au choroko za kujenga mwili. Wanatolewa alfajiri kabla ya kula, wakishuka wanaitwa kwa kopo, wanakula hapo hapo mbele yako, na kinachobaki kinaondolewa. Kinda akijua kwamba kopo likilia kuna mtama na kwamba baada ya dakika chache hakuna tena, anajifunza kuingia bila kulegalega. Ukimwachia bakuli limejaa kutwa nzima, hana haraka na wewe.

Halafu akaniokotea unyoya sakafuni, akauinua kwenye mwanga. Katikati palikuwa na mstari mwembamba uliokata unyoya kwa upana, kama mtu amepitisha uzi. "Hapa nililazwa na malaria," akasema, "nyumbani wakasahau kuwalisha." Unyoya unaoota siku ya njaa au ya homa hutoka dhaifu mahali pale, na mstari hauondoki mpaka unyoya wenyewe udondoke. Makinda wako wa Februari na Machi sasa hivi wanabadilisha manyoya ya mabawa. Ukiwanyima siku mbili, udhaifu huo wataubeba Agosti juu ya Bahi, njiani kutoka Manyoni, upepo ukiwapiga usoni. Kwa hiyo naomba tu uipime tena ile roho iliyokusuta siku ya kwanza. Huenda haikuwa udhaifu.

Na je, una uhakika ni uvivu? Umesema mwenyewe kipanga alimchukua mwenzao juu ya bati mkiangalia. Kinda aliyeona vile anaweza kuiogopa mbingu wiki kadhaa. Wengine hukaa kwa sababu ya uzito, wengine wanaumwa (angalia kinyesi, angalia kooni kama kuna utando au vidonda), wengine wanatolewa saa sita mchana wakati bati linaunguza na hewa imewaka. Mzee angejaribu kubadilisha saa kwanza. Wapo wanaopeperusha bendera kuwafukuza juu ya paa, na inafanya kazi, lakini ana shaka nayo kwa makinda waliokwishatishwa. Ukiwatisha nyumbani, wanaanza kuona hatari iko nyumbani. Kwake yeye afadhali waruke dakika tano kwa hiari, kesho saba.

Sasa Bibi. Umeandika kwamba amekusaliti. Ndugu yangu, hebu tumtendee haki. Njiwa wa aina hii huushika ule mji aliojifunzia mbingu. Hutumia jua kama dira, ana hisia ya sumaku ya dunia, husoma harufu zinazoletwa na upepo, na karibu na nyumbani hufuata alama anazozijua: barabara, mlima, reli. Ramani yake yote katikati yake ni Nkuhungu. Wapo waliofungiwa miaka, wakatagia na kulea mahali pengine, na siku mlango ulipoachwa wazi wakaondoka. Ndiyo maana wafugaji huwaweka wageni ndani moja kwa moja na kurusha watoto wao tu. Wewe ulilijua hilo. Ulishawaona 12 wakikata kona mbele ya macho yako.

Kwa hiyo nina swali dogo, na usilichukue kama shutuma: kwa nini ulimfungulia? Labda ilikuwa ni kukata tamaa kwa fundi ambaye kazi haiendi, akashika nyundo iliyo karibu. Labda ni matumaini kwamba moyo wa njiwa umehama. Au labda kuna sehemu yako iliyokuwa inataka ile simu ya "njoo uwachukue" iite tena. Sijui. Jibu libaki kwako.

Tuje kwa kijana. "Baba, si uje uwachukue mwenyewe." Nimeyasoma maneno haya mara nyingi. Wewe umesikia dharau, na inawezekana ipo, miaka 13 ina ujeuri wake. Mimi nilisikia pia mtoto aliyeambiwa kwamba kitakachokuja getini kwao ni bodaboda. Hatuwezi kujua alimaanisha lipi mpaka aulizwe, na wewe hukuuliza, ulimwita mwizi. Najua ulikuwa na hasira. Lakini fikiria alivyoona yeye: ndege wa baba yake wametua juu ya bati wakiwa na kiu, akawapa maji, akatafuta kopo, akakumbuka mtikiso. Hakuwauza, hakuwachinja. Akakutumia video. Mtu anayeiba hatumi video.

Na hapo kwenye video nadhani kuna mwiba mwingine. Watatu kwake wanaruka, watano kwako wamekaa. Kuna baba ambaye hilo lingemuuma zaidi ya wizi wenyewe, na si aibu kukiri. Ila kama ni hivyo, kumbuka mtikiso wa tatu kwa mbili haukuanza na yeye.

Sasa njia ulizonazo. Ukiwachukua watatu, haki unayo, makinda ni wa kwako na pete zilizo miguuni mwao ni zako. Mzee anasema walikuwa hawajaruka mbali walipokuwa Nzuguni, na huko Nkuhungu tayari wameshaishika mbingu, kwa hiyo kuwarejesha ni kazi: kuwafungia wiki tatu au nne, kuwatoa jioni kabla ya kula, wachache wachache, na bado unaweza kumpoteza mmoja au wote. Hesabu wiki hizo na zilizobaki mpaka Agosti. Halafu chora mstari. Manyoni iko magharibi. Njiwa anayerudi Nzuguni kutoka huko analikuta jiji kwa upande wa Nkuhungu kwanza. Atapita juu ya lile banda amechoka, ana kiu, na pengine chini yake kuna mtu anatikisa kopo. Nimemuuliza mzee atafanyaje, akacheka tu, akanyanyua mabega.

Ukiwaacha palepale, washindane wakiwa wa banda la Nkuhungu, mashindano yenyewe hayaharibiki. Kila banda hupimwa umbali wake kutoka mahali pa kufungulia, kisha mnapata mwendo wa mita kwa dakika, kwa hiyo aliye karibu haibi ushindi. Mafunzo nayo yanaweza kuanza mara moja: kilomita tatu, tano, kumi, ishirini, kisha Kigwe, kisha Bahi, asubuhi kunapokucha, matumbo mepesi, maji wamekunywa. Siku tulivu njiwa mzuri huenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ila upepo wa kiangazi hapa kwetu unatoka mashariki na kutoka Manyoni watakuwa wanaukabili. Umbali wa zaidi ya kilomita 100 si haba kwa makinda. Kuna kazi ya watu wawili pale, mmoja wa kufungulia na mmoja wa kupokea.

Hatari ya njia hii haiko kwa njiwa. Ile nyumba ina mwenyewe, na tenki ni lake, na nguo kambani ni zake. Kusema "hayo ni yenu" si kusema karibu. Ukimtumia mtoto kupenyeza banda kwenye ua wa mama yake, utakuwa umemweka katikati tena, na mtoto wa wazazi walioachana katikati anapajua vizuri kuliko sisi. Mama anapaswa kuombwa, na wewe, kwa mdomo wako, na akisema hapana iwe hapana. Pengine ukianza kwa kuchomelea kifuniko cha tenki atakusikiliza. Jambo lingine ni shule: kidato cha kwanza na kuamka kurusha njiwa kila siku vinaweza kwenda pamoja, vinaweza pia kugombana. Na kubwa kuliko yote, ukianza kwenda kila Jumamosi kwa sababu ya Manyoni halafu Septemba ukapotea, njiwa watabaki wakimkumbusha. Usianze hilo kama hujui ratiba yako ya Septemba.

Njia ya tatu haina haraka. Bibi na dume wake wanatamia siku 17 au 18, makinda wanaachishwa wakifika kama mwezi. Unaweza kulea wengine, ukawaanza vizuri tangu siku ya kwanza ya kopo, na Manyoni ya mwaka huu ukaenda na hao watano wakiwa tayari, au usiende. Umeshatamba, najua. Wale wenzako watakucheka wiki moja. Kijiwe nacho kina mambo mengi ya kucheka.

Kuna na la nne ambalo hukuliandika, nalo ni kumuuliza kijana anataka nini. Pengine anataka mmoja tu kati ya wale watatu. Pengine hawataki kabisa, anawatunza kwa kuwa wana pete zako miguuni.

Sikuchagulii. Ila kabla hujatuma bodaboda au boksi, lile neno "umeniibia" bado liko hewani, na simu haipokelewi. Meseji inaweza kulifikia. Kwenda mwenyewe kunaweza pia, kama mama yake ameridhia siku na saa. Ukienda, sidhani kama ni lazima useme mengi. Muombe akuonyeshe anavyowarusha. Simama nyuma yake, acha kopo alishike yeye.

Bibi rudisha ndani, mlango ufungwe vizuri. Mwisho wa Agosti niandikie, uniambie walitua wapi.